YouTube haikuiua Nickelodeon, tafadhali

Nimeambiwa tena wiki hii, kwa sauti ya mtu anayenifundisha kazi yangu: Nickelodeon, chaneli ya watoto ya kebo ya Marekani, ilianguka kwa sababu watoto walihamia YouTube. Kesi imefungwa. Mimi hupanga ratiba za vipindi vya watoto na kusoma takwimu za watazamaji, na kauli hii nimeisikia mpaka kwa watu wa matangazo, ambao angalau wao wangepaswa kujua fedha hutoka wapi. Ina ukweli ndani yake, lakini umekaa upande usio wake.

Historia naipitia mbio. Desemba 1977, mjini Columbus, Ohio, kampuni ya Warner inajaribu mfumo wa kebo uitwao QUBE, na chaneli moja humo ni ya watoto, Pinwheel. Tarehe 1 Aprili 1979 inarushwa kwa setilaiti Marekani nzima kwa jina la Nickelodeon. Haina matangazo ya biashara, ina adabu tele, wazazi wanaisifu na watoto wanaikimbia. Geraldine Laybourne, aliyepewa kuiongoza, anaipindua: 1984 inakuja nembo ya rangi ya chungwa isiyotulia umbo moja, juu ya ule ute wa kijani wa kumwagia watu kichwani, uliokwisha kuingia kabla yake kupitia kipindi kilichotengenezwa Kanada. Agosti 1991 zinaanza katuni tatu kwa siku moja, Doug, Rugrats na Ren & Stimpy. Mei 1999, SpongeBob, katuni ya sifongo aishiye baharini. Hadi hapo hatubishani.

Ubishi wangu unaanzia kwenye bili. Chaneli ya kebo haiishi kwa watazamaji peke yao. Kampuni ya kebo huilipa chaneli ada kila mwezi kwa kila nyumba iliyo na kifurushi, iwe inaitazama au haiitazami. Rudieni sentensi hiyo, maana ndiyo inayorukwa kila mara. Bibi na babu wastaafu ambao hawajawahi kumwona SpongeBob walikuwa wakimlipia kila mwezi, kwa sababu walitaka habari na mpira na havikuuzwa peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 nyumba zenye televisheni ya kulipia Marekani zilikuwa takriban milioni 100. Fanya hesabu mwenyewe ya senti chache mara nyumba hizo, mara miezi 12. Matangazo nayo yalileta fedha nyingi, sikatai, lakini sheria ya televisheni ya watoto ya 1990 iliyawekea kikomo: dakika 12 kwa saa siku za kazi, dakika 10 na nusu wikendi. Ada haikuwa na kikomo zaidi ya ubavu wako kwenye meza ya majadiliano na kampuni ya kebo.

Na ubavu wa Nickelodeon mezani ulikuwa mtoto anayelia. Simaanishi kwa mafumbo. Mwisho wa 2008, Viacom, mwenye chaneli, alipokuwa akivutana na Time Warner Cable juu ya ada, alitoa matangazo yenye picha ya Dora, msichana wa katuni ya Nickelodeon, akilia machozi, ili wazazi wapige simu kwa kampuni ya kebo. Chaneli za Viacom ziliuzwa kwa pamoja, kwa hiyo Dora alikuwa akizililia nyingine zote, hata zile ambazo mtoto haruhusiwi kuzitazama. Waliafikiana mwaka mpya ulipoingia. Julai 2012 DirecTV, kampuni ya televisheni ya setilaiti, ikazizima chaneli hizo kwa siku kadhaa, kisha zikarudi. Mpaka hapo hofu ya mzazi ilikuwa bado ina bei.

Mwaka 2014 kampuni ya kebo ya Cable One ikaziondoa chaneli za Viacom. Haikuzirudisha. Baadaye mwaka huohuo Suddenlink ikafanya vivyo hivyo, nayo ikakaa bila hizo kwa miaka. Ni kampuni ndogo, ndiyo maana hakuna anayezitaja akisimulia habari hii, lakini kwangu anguko lenyewe ni hapo: msambazaji amemnyima mtoto SpongeBob, na biashara yake imeendelea. Siku mwenzako akijua kwamba anaweza kukuambia hapana, umekwisha, hata kama watoto wako wote bado wamekaa mbele ya televisheni.

Sasa YouTube inaingia, na Netflix mbele yake: zilimpa mzazi pa kumpeleka mtoto chaneli ikizimwa. Hilo ni tofauti na kusema watoto walihama. Na Netflix ilipata wapi vipindi vya Nickelodeon? Iliuziwa na Viacom wenyewe! Mkataba ulipoisha 2013, wakaenda kuviuza Amazon.

Nikiri jambo ambalo wenzangu hulificha kwenye mawasilisho. Vuli ya 2011 watazamaji wa Nickelodeon walishuka ghafla, na hakuna maelezo niliyowahi kusikia yanayoniridhisha. Wengine waliilaumu Netflix. Viacom iliwalaumu Nielsen, wahesabu watazamaji, kwamba hesabu ina kasoro. Tulicheka, lakini tuangalie hesabu hiyo hupatikanaje. Katika nyumba za sampuli kila mtu ana kitufe chake, na anatakiwa akibonyeze kuonyesha kwamba anatazama. Kundi linalouzwa kwa watangazaji ni la umri wa miaka 2 hadi 11. Mtoto wa miaka miwili na kitufe! Juu ya hayo, Nielsen huhesabu Nick at Nite, vipindi vya usiku vya chaneli ileile, kama chaneli nyingine, kwa hiyo ukisogeza mpaka wa saa unabadilisha wastani bila mtoto hata mmoja kuinuka kwenye kochi. Kwa takwimu hizo nimepangua ratiba, na nitapangua tena kesho, maana hatuna nyingine. Lakini mtu akinionyesha mchoro wa mstari unaoshuka na kuniambia sababu ni moja, namwomba kwanza anionyeshe mkataba wa ada.

Kwenye Paramount+, huduma ya kulipia ya kutazama mtandaoni iliyoanza Machi 2021, SpongeBob bado anafanya kazi kama punda. Tofauti ni kwamba kwa kawaida nyumba huko imejiandikisha kwa hiari yake, na inajitoa mwezi wowote inapotaka. Wale wastaafu hawamo.