Si kweli kwamba vitenzi vya Kilatini vimebaki na maana ileile

Upo ujumbe unaosambazwa tena na tena katika makundi ya WhatsApp, ukidai kwamba anayejua Kihispania hahitaji kujifunza Kiitaliano wala Kifaransa, kwa kuwa vitenzi vyake vimetoka katika Kilatini na maana hazikubadilika. Asili hiyo kwa sehemu kubwa ni ya kweli. Kosa liko kwenye maana. Chukua kitenzi cha Kilatini "salire", yaani kuruka. Kihispania kina "salir" na Kireno "sair", vyote viwili vikimaanisha kutoka, ilhali kwa Kiitaliano "salire" ni kupanda, na "saillir" ya Kifaransa ni kuchomoza. Ndiyo maana mlango wa basi ulioandikwa "salita" nchini Italia ni wa kupandia, lakini "salida" nchini Hispania huonyesha pa kutokea. Herufi moja tu, nawe umeelekea kusiko. ("Subir" nacho kina vituko vyake: kwa Mhispania ni kupanda, kwa Mfaransa ni kupatwa na jambo.) Mkanganyiko huu unaeleweka, kwani "cantare", kuimba, kimehifadhi maana yake katika lugha zote nne. Kuhakiki si kazi kubwa: fungua kamusi ya kila lugha, si moja tu, ulinganishe fasili. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.