Miasthenia gravisi: udhaifu wa misuli unaozidi kwa kazi na kupungua kwa mapumziko

Wagonjwa wengi wa miasthenia gravisi hunifikia wakiwa wameshaambiwa kwamba wamechoka tu au wana msongo wa mawazo, na hilo hunisikitisha, kwa sababu maelezo yao wenyewe yakisikilizwa kwa makini hukaribia kuutaja ugonjwa. Mtu huamka akiwa na nafuu. Kadiri siku inavyosonga, kope hushuka, sauti huanza kutokea puani na taya huchoka kabla hajamaliza kutafuna chakula cha jioni. Akipumzika, nguvu hurejea. Uchovu wa kawaida hauchagui misuli kwa namna hii, wala haumfanyi mtu aone vitu viwiliviwili.

Chanzo kiko pale neva inapokutana na msuli. Ili msuli ujikaze, ncha ya neva humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo hupokewa na vipokezi vilivyo juu ya msuli. Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazovishambulia vipokezi hivyo hadi vikapungua. Kwa kawaida neva inayotumika mfululizo hutoa asetilikolini kidogo zaidi kila mara. Mwenye vipokezi vya kutosha hahisi lolote, lakini mwenye upungufu huishiwa nguvu kadiri anavyorudia tendo lilelile. Mwaka 1973 watafiti Jim Patrick na Jon Lindstrom waliwadunga sungura vipokezi vilivyotolewa kwa samaki wa umeme; kinga ya sungura hao ikatengeneza kingamwili dhidi ya vipokezi, nao wakapata udhaifu unaofanana na wa wagonjwa wetu.

Tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, huhusika mara nyingi: kwa baadhi ya wagonjwa huwa imetanuka, na kati ya 10 na 15 katika kila 100 huwa na uvimbe ndani yake. Ugonjwa hauambukizi. Hata hivyo, mtoto wa mama mgonjwa anaweza kuzaliwa akiwa mlegevu kwa wiki chache, kwa kuwa kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma.

Kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa dalili huanzia machoni. Mboni haziathiriki, na hisia za ngozi hubaki kamili. Ganzi ikiwapo, natafuta ugonjwa mwingine. Ninachokihofia zaidi ni misuli ya kumeza na ya kupumua. Mgonjwa anayepaliwa na mate, au asiyeweza kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, apelekwe hospitali saa ileile. Maambukizi yanaweza kumfikisha hapo, na vilevile baadhi ya dawa, zikiwemo gentamaisini, siprofloksasini na kwinini, kwa hiyo kila anayemwandikia dawa sharti ajue ana ugonjwa gani.

Uchunguzi wangu huanza bila mashine. Humwomba mgonjwa atazame kidole changu nilichokiinua juu, bila kushusha macho, kwa muda wa dakika moja au zaidi. Kope huteremka polepole mbele yangu, mara nyingi moja zaidi ya nyingine. Kisha huweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika 2, na kope ikiinuka angalau milimita 2, shaka yangu hupungua sana.

Kipimo cha damu huonyesha kingamwili dhidi ya vipokezi kwa takriban asilimia 85 ya wenye udhaifu ulioenea mwilini, lakini kwa nusu tu hivi ya wenye dalili za macho pekee. Majibu hasi, kwa hiyo, hayamwondolei mtu ugonjwa. Wengine wana kingamwili dhidi ya protini nyingine ya msuli iitwayo MuSK, na kwa wengine hutegemea kipimo cha umeme, ambapo neva husisimuliwa mara 2 au 3 kwa sekunde na mwitikio wa msuli hushuka kwa zaidi ya asilimia 10. Ugonjwa ukithibitika, kila mgonjwa hupigwa picha ya CT ya kifua, hata asiye na lalamiko lolote la kifua, kwa sababu uvimbe wa thaimasi unaweza kukua kimya na kwa kawaida huhitaji kuondolewa kwa upasuaji.