“Lete Nikupakatie”: Tunayoyakosea Kuhusu Wema Mdogo

Jioni, daladala inayotoka Kariakoo kwenda Mbagala imejaa hadi mlangoni. Mama amesimama, mtoto begani, mfuko wa mchele mkononi. Dada aliyekaa kiti cha dirishani, ambaye hawajuani hata kwa sura, anamwambia: “Lete nikupakatie.” Mtoto anavushwa juu ya magoti ya abiria wawili, anatua mapajani mwa dada, na safari inaendelea. Hakuna anayegeuka kutazama.

Mimi mwenyewe nimepokelewa mizigo hivyo mara nyingi, na kwa miaka mingi nililiona ni jambo lisilo na uzito wa kuzungumziwa. Nilikosea. Na si hilo tu: mengi tunayoyasema barazani kuhusu wema wa kila siku hayalingani na yale ambayo watu waliokaa na kuyachunguza wameyakuta.

“Kitu chenyewe kidogo, atakiona nini?”

Hii ndiyo dhana inayotuzuia kuliko zote. Unamkumbuka rafiki wa zamani, unataka kumtumia ujumbe, kisha unajiambia atashangaa. Unataka kumsifu fundi kwa kazi nzuri, unanyamaza.

Mwaka 2022 Amit Kumar wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin na Nicholas Epley wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha majaribio kadhaa juu ya jambo hili. Moja lilifanyika Chicago kwenye baridi, katika bustani ya Maggie Daley ambako watu huteleza juu ya barafu. Waliokuwepo walipewa kikombe cha chokoleti ya moto, wakaambiwa wanaweza kunywa wenyewe au kumpelekea mtu wasiyemjua. Waliotoa waliulizwa: unadhani umefanya jambo kubwa kiasi gani, na aliyepokea atajisikiaje? Kisha waliopokea nao wakaulizwa. Waliopokea walilipa jambo lile uzito mkubwa kuliko watoaji walivyokisia, na walifurahi zaidi ya walivyotarajiwa.

Sababu yake naona mtu wa pwani angeijua bila maabara. Mtoaji hupima kikombe. Mpokeaji hupima kwamba kuna mtu amemwona. Katika jaribio jingine la watafiti hao hao, keki ndogo iliyotolewa na mtu kwa hiari yake ilifurahisha kuliko keki ile ile iliyotolewa kama sehemu ya utafiti. Na waliotendewa wema, walipopewa baadaye nafasi ya kugawana fedha na mtu mwingine kabisa, waligawa kwa mkono mpana zaidi. Kwa hiyo dada wa daladala hajui unakoishia wema wake. Huenda saa mbili baadaye unamfikia mtu wa tatu.

Kuna utafiti mwingine ninaouheshimu zaidi, kwa sababu haukuhusu furaha ya dakika tano. Kuanzia mwaka 1969, daktari wa magonjwa ya akili Jerome Motto wa San Francisco alifuatilia watu waliolazwa kwa msongo mzito au kwa kutaka kujiua, kisha baada ya kutoka hospitali wakakataa au wakaacha matibabu. Walikuwa 843. Wakagawanywa kwa kubahatisha makundi mawili: kundi moja likaachwa, jingine likatumiwa barua fupi, 24 kwa jumla ndani ya miaka 5. Barua hazikudai chochote. Zilisema, kwa maana yake, tunatumaini unaendelea vizuri, na ukipenda kutuandikia tutafurahi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba katika miaka 2 ya mwanzo waliojiua katika kundi la barua walikuwa wachache, na tofauti ilikuwa ya wazi. Nisieleweke vibaya: barua haichukui nafasi ya daktari, na mtu aliyezidiwa anahitaji matibabu. Lakini mistari minne ya “tunakukumbuka” si kitu kidogo. Na sisi wenye neno *pole*, linalosemwa hata kwa mtu aliyejikwaa tu njiani, tulipaswa kuwa wa mwisho kulidharau.

“Siku hizi mjini kila mtu na lwake”

Maneno haya yana historia, na sehemu ya historia hiyo ni habari iliyoandikwa vibaya. Machi 1964, mwanamke kijana, Kitty Genovese, aliuawa usiku karibu na nyumbani kwake Queens, New York. Wiki mbili baadaye gazeti la New York Times liliandika kwamba watu 38 walitazama bila kufanya lolote. Habari ikazunguka dunia nzima, ikaingia vitabu vya saikolojia, ikawa ushahidi kwamba jiji huua utu. Lakini wengi wa majirani hao hawakuona tukio lote, wala hawakuelewa kinachotokea. Mmoja alipaza sauti na muuaji akaondoka kwa muda. Jirani mwingine, mwanamke, aliteremka na kumpakata Kitty mikononi mwake alipokuwa anakata roho. Mwaka 2016 gazeti lenyewe likakiri kuwa habari ile ilikuwa na kasoro kubwa.

Kweli, majaribio ya John Darley na Bibb Latané ya mwaka 1968 yalionyesha kwamba mtu akidhani wapo wengine wanaosikia, huchelewa kusaidia, kila mmoja akimsubiri mwenziwe. Hilo lipo, na ndiyo maana ukiumia kwenye umati usipige kelele ya “jamani”, mwite mtu mmoja, “wewe kaka mwenye shati la bluu.” Ila barabarani kwenyewe picha ni nyingine. Watafiti walipotazama rekodi 219 za kamera za mitaani za magomvi huko Amsterdam, Lancaster na Cape Town, walikuta kwamba katika matukio 9 kati ya 10 mtu mmoja au zaidi aliingilia kusaidia. Na kadiri watu walivyokuwa wengi, ndivyo aliyeshambuliwa alivyokuwa na nafasi kubwa zaidi ya kusaidiwa.

Tukishuka hadi mambo madogo kabisa, nipe chumvi, nishikie hapa, sogea kidogo, kuna utafiti wa mwaka 2023 uliorekodi maisha ya kawaida ya nyumbani na kijijini katika lugha 8, ikiwemo Kisiwu cha Ghana. Watu waliombana msaada mdogo takriban kila baada ya dakika 2 na sekunde 17. Waliokubali walikuwa mara 7 ya waliokataa. Hayo ndiyo maisha yetu yalivyo. Hatuyaoni kwa sababu hakuna anayepiga mbiu kwamba leo amepewa chumvi.

“Kutoa ni kwa wenye nacho”

Wahenga walishalijibu: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn na wenzake walichapisha jaribio la Vancouver, Kanada: asubuhi watu walipewa dola 5 au dola 20, wengine waambiwe wajinunulie kitu, wengine wamtumilie mtu mwingine. Jioni waliomtumilia mwingine walikuwa na furaha zaidi, na ilikuwa ile ile kwa mwenye 5 na mwenye 20. Baadaye swali hilo likapelekwa Uganda pia, na huko nako kukumbuka fedha uliyomtumilia mwenzio kulileta furaha kuliko kukumbuka ya kujinunulia. Hata hivyo wema usizidi uwezo. Anayekopa ili aonekane karimu anajenga deni.

“Wema lazima uonekane ili wengine waige”

Hapa nasema kwa uchungu. Bibi amepewa kilo mbili za unga, na simu tatu zimemwelekea usoni, anaambiwa arudie kushukuru kwa sauti. Tumeona kwamba kinachompa mpokeaji furaha ni kuonwa kama mtu. Kamera inamwondolea hicho hicho. Unga utaliwa kwa siku mbili. Video itabaki, na wajukuu wataiona. Waislamu wanafundishwa kuwa hata tabasamu mbele ya nduguyo ni sadaka, na Injili inasema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kulia. Wema ulikuwa ukiigwa daladalani na uani kabla simu hazijafika.

“Hata ahsante hakusema”

Wengi wameacha kusaidia kwa ajili ya sentensi hii. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, nao wa lugha 8, ulikuta kwamba katika mazungumzo ya kawaida watu husema neno la shukrani kama mara 1 tu katika 20. Waingereza na Waitaliano husema zaidi. Wengine karibu hawasemi kabisa, kwa sababu kwao kusaidiana ni jambo lililokwisha kubaliwa, halihitaji kutangazwa.

Na shukrani ina njia nyingine za kurudi. Jirani yangu mmoja alipokea futari kutoka kwetu, akafunga mlango bila neno; kijana aliyeipeleka alirudi amenuna. Siku ya tisa sahani yetu ilirudi imefunikwa kawa, na ndani yake kulikuwa na kaimati za moto.