Makaburi ya vita Taveta: hakuna hazina ya Mjerumani chini yake

Malalamiko kuhusu watu wanaochimba kandokando ya makaburi ya Vita vya Kwanza vya Dunia na kwenye mahandaki ya zamani, kuanzia Maktau hadi Taveta, Kenya, yameongezeka. Novemba inapokaribia na wageni kuanza kuja kuweka mashada, maswali ni yale yale: je, kuna hazina chini, na je, kuna miili kweli? Kwa hiyo nayajibu hapa kwa niaba ya sisi tunaoshughulikia urithi huu.

Hakuna dhahabu ya Mjerumani chini ya makaburi haya. Hakuna zebaki nyekundu, ile dawa ya kubuniwa inayodaiwa kuwa ya bei kubwa, hakuna masanduku ya rupia. Tumelieleza hili kwenye mabaraza ya machifu, na bado kuna anayerudi usiku na sururu. Jeshi la Wajerumani lilipoondoka Taveta Machi 1916 liliondoka kwa mpangilio, likaelekea Kahe, katika Tanzania ya leo. Na waliolala kwenye makaburi haya ni wa upande uliopigana na Mjerumani. Nani angeficha mali yake katika kaburi la adui?

Pia si kweli kwamba miili ilirudishwa kwao zamani na yamebaki mawe matupu. Tangu 1915 Uingereza ilikataza miili ya askari wake kusafirishwa nyumbani. Walizikwa karibu na walipoanguka, na wangali hapo. Makaburi hayo yanatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa 1917, kwa fedha za serikali sita: Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Afrika Kusini na India. Kuingia ni bure.

Uwanja wa vita wenyewe una thamani kuliko chochote mtu anachotarajia kufukua. Tarehe 12 Februari 1916, brigedi ya Afrika Kusini ilishambulia kilima cha Salaita, karibu na Taveta, kilichoshikwa na Wajerumani. Mizinga ilipiga kileleni, kumbe mahandaki ya Wajerumani yalikuwa chini, miguuni mwa kilima. Zaidi ya watu 130 wa brigedi hiyo waliuawa, walijeruhiwa au hawakuonekana tena. Waliowakinga waliporudi nyuma ni kikosi cha 130 cha Wabaluchi kutoka India, watu ambao wenzao wa Afrika Kusini walikuwa wakiwadharau.

Maganda ya risasi ni sehemu ya historia hiyo. Ganda nene la milimita 11 ni la bunduki ya Kijerumani ya mwaka 1871, iliyotoa moshi mzito ukaonyesha mpigaji alipo. Lile jembamba la inchi 0.303 ni la Mwingereza. Yakiwa yamelala yalipoangukia, mtaalamu anasoma nani alikuwa wapi na alikuwa akitazama upande gani. Ukiliokota ukalitia mfukoni, au ukaliuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kilichobaki ni kipande cha shaba tu.

Sasa sheria, kwa sababu wengi hudhani ni onyo la mdomo. Kifungu cha 136 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinahusu anayeingia mahali pa maziko bila haki, akikusudia kuumiza hisia za watu au akijua kwamba hisia zitaumizwa. Ni kosa dogo kwa jina, lakini kwa kuwa kifungu hakitaji adhabu yake, kinachotumika ni kifungu cha 36: kifungo kisichozidi miaka miwili, au faini, au vyote viwili. Kuvunja jiwe au kung'oa bamba kwa makusudi ni kifungu cha 339, kuharibu mali, kifungo hadi miaka mitano. Makosa haya mawili, la 136 na la 339, yanaweza kuwekwa katika hati moja ya mashtaka. Risasi ambayo haijapigwa ni habari nyingine: kuwa nayo bila cheti ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, hata iwe na umri wa miaka mia.

Ukikuta kombora au bomu shambani, usiliguse, usilisogeze, usiwashe moto karibu. Weka alama kwa umbali, zuia watoto na mifugo, kisha mwarifu chifu au kituo cha polisi kilicho karibu.

Lipo lalamiko moja ambalo tunalikubali. Wananchi wanauliza kwa nini majina ya wageni yamechongwa, na ya babu zetu waliobeba mizigo ya vita hiyo hayaonekani. Wako sahihi. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilichapisha ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Majina hayo bado yanatafutwa. Familia yenye medali, barua, kitabu cha malipo au hata masimulizi ya mpagazi ambaye hakurudi ilete habari hizo kwenye ofisi ya makumbusho iliyo karibu. Leteni nakala, mbaki na karatasi za asili. Andikeni jina kama lilivyotamkwa nyumbani, kijiji, na jina la chifu wa wakati huo, kwa sababu makarani wa jeshi waliandika majina walivyoyasikia na mara nyingi kijiji ndicho kinachotuongoza.