Kabati la kegi kutoka friza ya kufunulia juu: kola, mabomba na gesi

Friza imeundwa ishuke hadi nyuzi 18 chini ya sifuri na ibaki huko. Bia ya kegi, yaani pipa la chuma linaloshika presha, inataka nyuzi 3 hadi 5 za Selsiasi, na bia yenye kilevi cha asilimia 5 huanza kuganda karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri. Ugomvi wote wa kabati hili umo kati ya namba hizo. Unachukua mashine ya kugandisha na kuilazimisha ipoze tu, kisha unaitia mbao, mabomba ya kumiminia bia na gesi ya kuisukuma, na bado unataka ifunge kama ilivyotoka dukani. Inawezekana kabisa kwa vifaa vya seremala wa kawaida, mradi kuta zake usiziguse.

Friza gani

Usinunue kwa lita zilizoandikwa kwenye lebo. Lita hazisemi umbo la ndani, wala hazisemi ile ngazi iliyo juu ya kompresa imekula nafasi kiasi gani. Kegi ya lita 19 iliyokuwa ya soda, ambayo ndiyo inayotumiwa zaidi na watengeneza bia wa nyumbani, ina kipenyo cha sm 22 hivi na urefu wa sm 63 hadi 65. Kata maduara ya boksi ya sm 23, nenda nayo dukani, yapange kwenye sakafu ya friza. Friza nyingi za lita 200 huchukua kegi tatu chini, na ya nne hupanda kwenye ngazi ukishaongeza kola ya mbao. Mtungi wa gesi nao unahitaji pake, kwa hiyo amua mapema kama utakaa kwenye ngazi au nje.

Kegi za kiwandani za lita 50, kama zile zinazozunguka kwenye baa za Kenya, mimi sizishauri kwa friza ya aina hii. Ikijaa inafika kilo 60 na ushei. Kuinyanyua hadi kifuani ndipo uishushe ndani ni kazi ya watu wawili wenye migongo mizima, na pipa lenyewe kwa kawaida ni mali ya kiwanda.

Chagua friza yenye kitufe cha kuzungusha kwa mkono, si ya vitufe vya kielektroniki. Utaiwasha na kuizima kwa kidhibiti cha nje, na baadhi ya friza za kielektroniki umeme ukirudi husubiri mtu abonyeze ndipo ziwake.

Kuta usitoboe

Katika friza nyingi za kufunulia juu, mirija ya gesi ya kupoza imefichwa ndani ya kuta, upande wa ndani kwa ajili ya baridi na mara nyingi upande wa nje kwa ajili ya kutoa joto. Huioni. Drili ikigusa mmoja, friza imekufa. Tena friza nyingi za sasa zinatumia R600a, yaani isobyuteni, gesi inayowaka moto; angalia lebo ya nyuma. Ndiyo maana kila kitu kinachoingia au kutoka, iwe bomba, waya wa feni, waya wa kipimajoto au mpira wa gesi, kinapita kwenye kola.

Kola

Kola ni fremu ya mbao inayokaa kati ya mwili wa friza na mfuniko. Mbao ya inchi mbili kwa nane inatosha. Ikipigwa randa hubaki na unene wa sm 4.5 hivi. Kwa friza yenye sm 95 kwa 55, mzunguko ni mita 3, hivyo nunua futi 12 upate na ya kukosea. Mninga unatulia vizuri. Saipresi na paini ni rahisi, ila hakikisha zimekauka kwelikweli, maana mbao mbichi hujipinda baada ya wiki chache za baridi ndani na joto nje, na mfuniko huacha mwanya ambao kompresa italipia usiku na mchana.

Pima ukingo wa friza pale raba ya mfuniko inapokaa, si mwili wote. Unga pembe kwa gundi ya mbao na engo za chuma kwa ndani, kisha pima kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili. Vipimo vikipishana zaidi ya mm 3, sukuma fremu kabla gundi haijashika. Vanishi ipite pande zote, hata chini pasipoonekana. Kwa ndani bandika foamu ngumu ya kuhami joto, unene wa mm 25, na uzibe maungio kwa silikoni. Mtu wa Tanga au Mombasa akiruka hatua hii, mbao italoa jasho na ukungu utaota mwezi huohuo.

Bawaba za friza zina springi kali. Fungua mfuniko wote hadi springi ilegee ndipo ulegeze skrubu. Ukizifungua mfuniko ukiwa umelala, bawaba huruka na inaweza kukuvunja kidole. Keti kola kwenye mwili juu ya utepe wa silikoni, kisha funga bawaba kwenye mbao ya nyuma. Silikoni iwe ile isiyonuka siki. Inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula bati.

Wapo wanaoifunga kola kwenye mfuniko ili ifunuke nao, kegi zisipandishwe juu sana. Faida ipo, kwa kuwa kegi ya lita 19 iliyojaa ina kilo 23 au 24. Ila mabomba manne na mipira yake yote yatakuwa yananyanyuka kila unapofungua. Mimi naiweka kwenye mwili.

Mabomba

Shanki, yaani kipande chenye nyuzi kinachopita kwenye mbao, huhitaji tundu la mm 22. Toboa kutoka mbele hadi ncha ya biti itokeze nyuma, kisha malizia kutoka nyuma, mbao isipasuke uso. Mbao na foamu pamoja ni sm 7, kwa hiyo shanki ya sm 10 inafaa. Fupi zaidi nati haitashika. Acha sm 12 kati ya bomba na bomba ili mkono upite, na weka matundu chini kidogo ya katikati ya kola, la sivyo mpini utagonga mdomo wa mfuniko.

Nunua chuma kisichoshika kutu, bomba na shanki vyote viwili. Shaba iliyopakwa kromu huonekana sawa mwanzoni, lakini bia ina asidi, kromu hubanduka, na ladha ya sarafu huingia kwenye glasi. Na kama fedha inaruhusu, chukua bomba linalofunga mbele, karibu na mdomo. Linalofunga nyuma huacha bia kidogo kwenye shingo, na kwa joto letu bia hiyo hugeuka gundi kabla ya kesho kutwa, nzi nao wanajua.

Kidhibiti joto

Kitufe cha friza kiweke kwenye baridi kali kabisa na ukisahau. Kazi inafanywa na kidhibiti cha nje: friza inachomekwa kwake, chenyewe kinachomekwa ukutani, na kipimajoto chake kinaingia ndani. Weka nyuzi 4, tofauti ya nyuzi 1, na muda wa kompresa kupumzika usiopungua dakika 3. Kompresa inayowashwa upya kabla presha ya ndani haijasawazika huhangaika na mwishowe kuungua, kwa hiyo penye umeme wa kukatika na kurudi weka pia frijigadi.

Kipimajoto kisining'inie hewani. Hewa hupata joto mara tu mfuniko ukifunuliwa, na friza itawaka na kuzima siku nzima. Kibandike kwa tepu ubavuni mwa kegi, usawa wa katikati, na ukifunike kwa kipande cha foamu. Kuta huendelea kutoa baridi hata kompresa ikishazima, kwa hiyo siku mbili za kwanza jaribu kwa kegi ya maji uone inashuka hadi wapi.

Baridi hutuama chini. Kwenye kola, mabomba yalipo, panaweza kuwa na nyuzi kadhaa zaidi ya sakafuni. Feni ya kompyuta ya volti 12, ya mm 120, ikipuliza hewa ya chini kwenda juu inamaliza tatizo. Adapta ya ruta iliyostaafu ya volti 12 huiendesha.

Gesi, na kwa nini Nairobi si Dar es Salaam

Gesi ni kabonidayoksaidi ya daraja la chakula. Kanda yetu ina bahati: kampuni ya Carbacid huichimba ardhini Kereita, Kiambu, na TOL Gases huitoa Rungwe, Mbeya. Kegi ya lita 19 hula takriban gramu 150 kuanzia kutiwa gesi hadi kuisha, hivyo mtungi wa kilo 2.3 hutosha kegi 12 hadi 15 ikiwa hakuna panapovuja. Pakae maji ya sabuni kila kiungo, na kegi mpya ipe psi 30 (psi ni kipimo cha presha) kwanza ili kifuniko chake kikae, kisha shusha.

Kwa bia ya kawaida kwenye nyuzi 4, psi 12 hukupa ujazo 2.5 wa gesi ndani ya ujazo mmoja wa bia baada ya siku 7 hadi 14. Jedwali zote utakazokuta zinahesabu usawa wa bahari. Geji husoma tofauti kati ya gesi na hewa ya nje, ilhali bia inanywa gesi kwa presha kamili, yaani ya geji na ya hewa ya nje zikijumlishwa. Ukipanda juu, hewa ya nje ni nyepesi, na psi 12 ya geji inakuwa pungufu. Ongeza psi 1 kwa kila mita 600: Dar, Zanzibar na Mombasa baki na 12, Arusha weka 14 hivi, Nairobi 15. Mtu wa Nairobi anayefuata jedwali la usawa wa bahari hunywa bia iliyopooza na kulaumu hamira.

Presha ikipanda, mpira wa bia nao urefuke, kwa sababu mpira ndio breki. Kwa mpira wenye tundu la ndani la mm 4.8, anza na mita 3 pwani na mita 3.7 Nairobi, uuzungushe juu ya kegi. Anza mrefu, kukata ni rahisi. Nusu lita ikijaa kwa sekunde 8 hivi, umefika.

Povu likizidi, usikimbilie kupunguza presha. Ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Ukishusha hadi psi 5, siku hiyo bia hutoka taratibu na unafurahi. Lakini bia imebeba gesi ya psi 12. Haishikiki tena, inatoka ndani ya mpira na kukaa kama mapengo ya hewa. Kesho povu ni zaidi, na wiki ijayo bia imekufa. Badala yake soma dalili. Povu kwenye glasi ya kwanza tu ni bomba lililopata joto: tazama feni. Povu kila glasi ni mpira mfupi au gesi iliyozidi. Mapovu yanayopanda kuanzia kwenye kegi ni raba iliyochoka kwenye kiungio cha bia: badilisha, senti chache.

Mtungi ukiuingiza kwenye baridi, geji ya presha kubwa itaporomoka, kutoka bar 57 kwenye nyuzi 20 hadi karibu 39 kwenye nyuzi 4. Hauvuji. Geji hiyo haisemi kilichobaki mpaka gesi iliyo katika hali ya kimiminika iishe. Pima mtungi kwa mizani.

Na hili si la utani: kilo 2.3 zikivuja zote ni zaidi ya lita 1,200 za gesi. Chumba cha mita 3 kwa 3, dari mita 2.5, kitafika asilimia 5, na asilimia 4 tayari inahesabiwa kuwa hatari ya papo hapo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama ndani ya friza. Ukisikia mluzi, usiinamishe kichwa humo. Funga vali, fungua madirisha.

Kabati lenyewe

Hapa ndipo uzuri huua mashine. Friza inayotoa joto kupitia ubavu ikivikwa mbao zilizobana, kompresa haizimi tena. Acha sm 5 za hewa kila upande, sm 10 nyuma, na uso wa kabati uwe wa papi zilizoachana, wazi chini na juu. Msingi uwe fremu ya mbili kwa nne. Friza, kegi nne, mtungi na mbao vinafika kilo 150 hadi 160, hivyo magurudumu manne ya kilo 75 kila moja, kwa kuwa sakafu isipokuwa sawa matatu ndiyo hubeba. Rafu za glasi na droo ya raba na spana zikae upande usio na kompresa.

Ndani weka kopo la kunyonya unyevu na ulimwage linapojaa. Mipira isafishwe kila wiki 2 kwa dawa ya kaustiki ya asilimia 2, dakika 15 ikizunguka, kisha maji mengi hadi utelezi uishe. Mabomba yafunguliwe yote na yapigwe brashi. Ule utando mweusi hukaa nyuma ya kizibo cha ndani ya bomba, ambapo maji ya kupitisha tu hayafiki.