"Can" si "weza" kila mahali

Daftari la mwanafunzi wa kidato cha pili lilikuwa mbele yangu, na sentensi ilisomeka hivi: "Take an umbrella, it can rain today." Tahajia safi, nukta mahali pake. Tatizo ni kwamba alikuwa amewaza "mvua inaweza kunyesha leo", kisha akaing'oa "weza" na kupachika "can". Mwingereza angemwelewa, lakini yeye mwenyewe angesema "it may rain" au "it might rain".

Ndiyo dhana potofu kubwa kuliko zote: eti "can" maana yake ni "weza", basi. Ukweli ni kwamba "weza" yetu hubeba mizigo miwili. Kuna uwezo, kama "anaweza kuogelea", na kuna uwezekano, kama "anaweza kuchelewa, foleni ni ndefu". Mzigo wa kwanza "can" huubeba wote. Wa pili huubeba nusu tu, yaani hueleza jambo ambalo hutokea mara kwa mara, si kubashiri tukio moja. "It can rain in Dar es Salaam in August" ni sahihi: Agosti ni kiangazi, ila siku za mvua hazikosekani. Lakini mvua ya leo jioni ni ya "may", "might" au "could". Kipimo ninachowapa wanafunzi ni hiki: ikiwa "huenda mvua ikanyesha" inatoa maana ileile uliyokusudia, "can" iache.

Kwenye kukanusha ndiko watu wanakoumia zaidi, kwa sababu wanadhani "can't" na "may not" ni mamoja. "He can't be at home" ni kauli ya mtu mwenye hakika: haiwezekani awe nyumbani, taa zote zimezimwa. "He may not be at home" ni ya mwenye shaka: huenda hayupo. Nayo "could" ina vituko vyake. "He could be at home" ni huenda yupo, lakini ukiikanusha, "he couldn't be at home", shaka inatoweka na unabaki na haiwezekani.

Halafu kuna wanaosema "could" ni "niliweza", wakati uliopita, hakuna zaidi. Kwanza, "it could rain tomorrow" inahusu kesho. Pili, hata kwa yaliyopita si kila "niliweza" inakubali "could". "I could swim when I was six" ni sawa, kwa kuwa uwezo huo nilikuwa nao siku zote. Ila jana nimehangaika na kufuli lenye kutu mpaka likafunguka, mara moja hiyo tu: hapo ni "I was able to open it" au "I managed to open it". Lingegoma, "I couldn't open it" ingefaa kabisa.

Wapo pia walimu wanaochora asilimia ubaoni, "may" hamsini, "might" thelathini. Asilimia hizo hazipo. Wapo wanaohisi "might" ina shaka kidogo zaidi, na wengi hawatofautishi. Kuhusu "nitaweza", usiandike "I will can". Ni "I will be able to".

Kosa ninalolionea huruma ni "she knows to cook". Limetoka kwenye "anajua kupika", na Kiingereza hapo kinataka "she can cook". Lakini mwanafunzi huyo hajapotea mbali: "can" imetokana na kitenzi cha Kiingereza cha kale kilichomaanisha kujua. Waingereza nao walianza na "anajua kupika", wakasahau. Na ile "l" ya "could" isiyotamkwa? Haikuwepo mwanzoni, iliingizwa baadaye kwa kuigiza "would" na "should".

Wa pwani tuna mtego wetu wa ziada. Kijana aliyetaka ruhusa aliandika barua: "My grandfather cannot since Monday." Mwalimu akauliza, hawezi nini? Hawezi tu, mwalimu. Babu anaumwa.