Umeme wa taka Nakuru: kwanza tuufungue mfuko

Kila ninapokutana na wakazi wa Nakuru kuzungumzia taka, swali la kwanza huwa lile lile: mbona tusilichome jaa la Gioto tupate stima? Swali lenyewe si baya. Gioto liko upande wa London (London yetu hii ya Nakuru), kwenye mteremko chini ya kreta ya Menengai, na mvua ikipiga, uchafu huteremka kuelekea mjini na Ziwa Nakuru. Anayeishi karibu nalo hahitaji mtaalamu wa kumwambia kwamba linadhuru.

Mimi huanzia kwenye mfuko wa taka. Huko Kaptembwo tulimwaga taka za nyumba moja juu ya turubai: vikonyo vya sukuma wiki, maganda ya viazi, ukoko wa ugali, magunzi, daipa mbili, jivu la jiko, pakiti za maziwa. Mama mwenye taka alichota konzi ya maganda akayakamua. Maji yakamchuruzika hadi kiwikoni. "Na hii nayo itawaka?" akauliza.

Itawaka kwa shida. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke hula takriban megajuli 2.6 za joto, ilhali wahandisi wa matanuri ya kuchomea taka hutaka taka zenye wastani wa megajuli 7 hivi kwa kila kilo. Zikiwa mbichi kama zetu, moto hupoa, na moto uliopoa ndio unaozaa sumu. Ulaya hulazimisha gesi za tanuri zikae kwenye joto la angalau nyuzi 850 kwa sekunde mbili, ili dayoksini, yaani sumu hizo, ziungue, kisha zipozwe haraka na kuchujwa. Dayoksini zikiponyoka hutua kwenye nyasi na udongo, zikaingia katika mafuta ya maziwa na mayai ya kuku wa kienyeji. Kwa haki, tanuri linalotunzwa vizuri lina nafuu kubwa kuliko moto unaofuka jaani usiku kucha. Neno zito hapo ni "linalotunzwa".

Halafu kuna jivu. Tani kumi zikichomwa, zaidi ya mbili hubaki. Lile laini linalonaswa kwenye vichujio hubeba metali zenye sumu kama risasi na kadimiamu, na halifai kumwagwa Gioto. Linahitaji shimo lililozibwa chini lisivuje.

Na gesi zinazopasha dunia joto je? Taka zinazooza jaani hutoa methani, ambayo kwa miaka 100 hupasha dunia joto mara 28 hivi kuliko kabonidayoksaidi ya uzito ule ule. Kuizuia ni faida kubwa. Lakini kuchoma plastiki ni kuchoma mafuta ya petroli kwa jina lingine. Kwingine tanuri hujitetea kwamba linapunguza makaa ya mawe. Sisi umeme wetu mwingi tayari hutokana na jotoardhi, maji na upepo, na mvuke wa Menengai uko pale pale mgongoni mwa jaa. Isitoshe, tanuri lazima lilishwe kila siku, na litakachokipenda zaidi ni plastiki na karatasi zile zile ambazo waokota taka huuza wapate riziki.

Ndiyo maana mimi huegemea bayogesi. Maganda yakiozeshwa ndani ya tangi lisilopitisha hewa hutoa gesi ya kuendesha jenereta, na masalia yake ni mbolea inayoweza kwenda mashamba ya Njoro au Bahati. Nayo ina masharti: tangi likivuja, methani ile ile inatoroka, betri na vigae vya chupa vikiingia, mbolea imeharibika. Lazima taka zitengwe nyumbani. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inataka zinazooza ziwekwe kando na zisizooza.

Mama wa Kaptembwo alisikiliza, akaniuliza: "Nikitenga kwa ndoo mbili, si lori litakuja lichanganye tena?" Mara nyingi huchanganya, nimeona kwa macho yangu. Kabla hatujabishana kuhusu megawati, mimi ningetaka kwanza kuona lori lenye vyumba viwili likiingia mtaani kwake.